Mrejesho: ile kesi yangu na kituo cha redio

Wadau, mtanikumbuka: mtangazaji wa asubuhi alinitaja jina hewani kwamba nimekula pesa za chama, nikauliza hapa kama naweza kushtaki. Hukumu imetoka mahakama ya Milimani, Nairobi, wiki jana. Nimeshinda.

Aliyenikumbusha kwamba kesi ya kuchafuliwa jina hufunguliwa ndani ya miezi 12, Mungu akubariki. Nilibakiza siku tisa tu! Kilichoniokoa ni rekodi. Jirani yangu wa kibanda cha mboga alikuwa ameinasa kwa simu, na katikati unamsikia akimwambia mteja, "Sukuma ya ishirini, si ya kumi." Hakimu mwenyewe alitabasamu.

Fidia ni shilingi 600,000, pamoja na gharama za kesi. Wakili alinieleza kwamba ukisingiziwa kosa linaloweza kukufunga miaka mitatu au zaidi, sheria hairuhusu fidia ishuke chini ya 400,000. Wizi umo.

Kuomba radhi hewani? Hawajaomba. Sasa wamekata rufaa, na wameagizwa kuweka nusu ya pesa kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Mfukoni bado sina hata ndururu.