Urani ya Bahi na Manyoni: tupime maji kwanza, au tuchoronge tu?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuogopana. Urani, madini ya nyuklia, ya Bahi (Dodoma) na Manyoni (Singida) haifuatwi chini sana ardhini. Granaiti ya kanda ya kati ina urani kidogo mno. Mvua za maelfu ya miaka zimeiyeyusha, mito ya kale ikaibeba hadi kwenye mbuga ambazo maji yakiingia hayana pa kutokea. Jua likayakausha, urani ikakutana na madini mengine, vanadi na potasi, ikaganda ndani ya chokaa. Pasua bonge la chokaa hiyo, utaona unga wa njano kama binzari. Hiyo ndiyo kanotaiti.

Kina chake ni mita chache tu, ndiyo maana watafiti wanaipenda. Lakini mita hizohizo ndizo zenye visima vya watu, na juu yake Bahi wana majaruba ya mpunga. Mvua ikikubali, wanavua kambare humohumo.

Msimamo wangu: lisichorongwe hata shimo moja kabla kila kisima hakijapimwa na majibu kubandikwa ofisi ya kijiji.

Jibu: Ndugu mleta mada, hofu imezidi. Urani haikuletwa na mtafiti, ipo tangu enzi za mababu na wali wa Bahi tunakula. Namibia wana mgodi wa Langer Heinrich, urani ya mkondo wa mto wa kale vilevile, tangu 2007. Na Mkuju kwetu, Namtumbo, mtambo wa majaribio wa urani ulizinduliwa Julai 2025. Vijana wa Manyoni wangoje nini?

Mleta mada: Kaka, Langer Heinrich iko jangwa la Namib, hakuna jaruba pale. Na ajira zake zilikatika 2018 bei ilipoanguka, hadi mgodi uliporudi 2024. Mkuju nayo ni urani ya mawe ya mchanga, porini; mpaka wa pori la akiba la Selous ulirekebishwa 2012 kwa ajili yake.

Hapo pa mababu nakubaliana nawe kabisa, na ndipo hoja yangu iliposimama. Kama ipo, huenda visima vingine vina urani tayari. Maji yakija kuonekana mabaya baada ya uchorongaji, kampuni itasema ilikuwepo, mwanakijiji atasema mmeileta, na hakuna mwenye karatasi ya vipimo vya awali. Mama aliyechota maji hapo miaka ishirini atamwonyesha nani nini?

Sampuli zichukuliwe kiangazi visima vikishuka, zichukuliwe tena masika. Tume ya Nguvu za Atomiki ipo Arusha, maabara inayo.

Wenye visima Bahi, Manyoni na jirani zao Itigi, kuna aliyewahi kupimiwa urani kwenye maji yake akapewa majibu mkononi?