Kabine yako ao mshahara: daktari wa familia hapa Lubumbashi apige hesabu gani?

Ruashi_MF
Wakubwa, salamu. Kuna mahali pawili: poliklinike inayotoa mshahara wa mwezi, na nyumba ya vyumba vinne Ruashi inayoweza kuwa kabine, yaani mahali pangu mwenyewe pa kupokea wagonjwa. Naomba hesabu yenyewe. Pesa ngapi ziwe mkononi mbele ya kufungua, na kwenye kontra nisome nini?

Yaya_Kampemba
Mdogo, usianze na mashine, anza na miezi. Andika matumizi ya mwezi ambao hakuna mgonjwa hata mmoja: kodi ya nyumba, manesi wawili, mtu wa labo, mlinzi, mafuta ya jenereta, dawa. Zidisha kwa sita. Pesa hiyo ikae kando, mbali na garanti ya nyumba na vifaa.

Sababu ni hii: wagonjwa wa kashi hawajazi siku. Wanaoijaza ni wafanyakazi wa makampuni, zaidi wale wanaofanyia kazi migodi, na kampuni inalipa kwa fakitire, yaani karatasi ya deni unayoipelekea. Ya Januari unaipeleka mwanzo wa Februari, wanaikagua, pesa ikitoka Aprili ushukuru. Hapo manesi umekwisha kuwalipa mara tatu.

Na fakitire inakatwa kwa vitu vidogo sana. Shika bon moja, karatasi ambayo kampuni inampa mgonjwa aje nayo kutibiwa, uitazame: jina la mfanyakazi, matrikile (namba yake ya kazi), jina la mgonjwa kama ni mke ao mtoto, tarehe, sahihi, muhuri. Bon iliyoandikwa kesho yake ya matibabu, inarudishwa. Fotokopi, inarudishwa. Dawa isiyokuwa kwenye orodha ya kontra yako na kampuni, wanaifuta. Mtu wa mapokezi ajue kusoma bon mbele ya kufungua fishi ya mgonjwa, maana mgonjwa akishaondoka na dawa, deni ni lako.

Mkaguzi_wa_zoni
Upande wa karatasi: kwanza namba ya Ordre, chama rasmi cha madaktari, kisha ruhusa ya Division ya Afya ya mkoa, na daktari mkuu wa zoni ya afya apite kuona jengo. Maji, choo, mahali pa kunawa mikono, sindano zinakotupwa. Ukifungua, ripoti ya SNIS (hesabu za afya za taifa) ni kila mwezi.

Usisahau umeme, ule wa SNEL, kampuni ya serikali, unakatika. Friji ya insulini ibaki kati ya digri 2 na 8, uandike asubuhi na jioni. Konsantrateri, mashine inayotoa oksijeni kwenye hewa, ya litre 5 kwa dakika inakula karibu wati 350. Ikifanya kazi muda wa saa kumi usiku, ni kilowati-saa 3.5. Betri ya volti 12 na Ah 200 inashika 2.4, lakini ya asidi ukiitoa zaidi ya nusu inakufa haraka. Kwa hiyo nunua nne, si mbili. Mbili ndizo zinazoonekana kutosha kwenye karatasi.

Mama_Dokta
Kwenye kontra ya poliklinike uliza kama kiasi ni brut (mbele ya makato) ao net (kisha makato), dola ao franka, na kwa kiwango cha kubadilisha pesa cha siku gani. CNSS, mfuko wa pansio na usalama wa wafanyakazi: mwajiri analipa 13%, wewe 5%. Wakikuambia ulete fakitire kila mwezi kama «consultant», hakuna CNSS na hakuna likizo, basi kiasi hicho kikubwa si kikubwa tena.

Serikalini ni habari nyingine: barua ya kazi haikuingizi kwenye orodha ya malipo. Wengi wanangoja miaka, wanaishi na mgawo wa mapato ya hospitali. Inauma, lakini ujue mbele ya kusaini.

Kwangu njia nzuri ni nusu-nusu: asubuhi poliklinike, kabine saa tisa mpaka kumi na mbili, siku tatu za juma zisizobadilika. Wagonjwa wa presha na sukari wanafuata siku. Ukihamisha Jumatano mara mbili, wamepotea.

Ruashi_MF
Asante sana. Kontra yao inasema «forfait», kiasi kimoja kwa kazi yote, na gardi (zamu za usiku) mbili kwa juma.

Mama_Dokta
Gardi ya usiku mzima ni saa kumi na mbili; mbili ni ishirini na nne juu ya saa za mchana. Gawa forfait kwa saa zote, ulinganishe. Kisha tafuta kifungu cha «exclusivité», kinachokukataza kufanya kazi mahali pengine. Kama kipo, omba waandike kwamba kabine ya mchana inaruhusiwa, na sahihi iwe ya mkurugenzi. Neno la mdomo la mkuu wa servisi halitoshi.