Mgeni ameandika ndege ambaye hatukumwona. Nimwambie?

Kipepeo_wa_Gede: Wadau, naomba ushauri, usingizi umenipaa. Natembeza wageni wanaotazama ndege msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Jana nilikuwa na mzee Mwingereza wa miaka 71, tukazunguka tangu alfajiri, siku njema kabisa. Sasa kwenye orodha yake ya ndege aliowapata kuna mmoja nina wasiwasi naye. Nimwambie amfute au ninyamaze? Anaondoka kesho usiku.

Mama_Pacha: Pole mwanangu. Mimi mgeni alisahau shali yake, nikamkimbizia mpaka stendi. Akanikumbatia, basi. Nauli ya kurudi nikajilipia. Ukweli ni mzuri, ila uwe na nauli.

Fundi_Bati: Ndege gani huyo?

Kipepeo_wa_Gede: Kibundi wa Sokoke.

Fundi_Bati: Bundi! Kwetu akilia juu ya paa watu wanaulizana nani anaumwa. Mzungu kalipa nauli ya ndege kumfuata ndege wa uchuro 😂

Babu_Darubini: Mlimwona au mlimsikia? Saa ngapi?

Kipepeo_wa_Gede: Tulimsikia. Kama saa nne asubuhi, upande wa udongo mwekundu.

Babu_Darubini: Saa nne asubuhi! Kijana, ndege huyo huimba usiku. Mchana amelala kichakani, mara nyingi wawili bega kwa bega, sentimita 16 hadi 18 tu, utadhani majani makavu. Mara ya kwanza nilioneshwa kwa kidole, hatua tano mbele yangu, na bado nikauliza "wapi?" Wanasayansi wamemtambua mwaka 1966 tu, na nje ya msitu huo anajulikana kwenye miteremko ya Usambara Mashariki. Muongoza wageni wa hapo hawezi kukosa kujua haya. Uzi wa kutunga huu.

Hakimu_wa_Nyuzi: Nilishanusa. Mzee wa 71, anaondoka kesho, usingizi umepaa... Kinachofuata ni namba ya M-Pesa.

Kipepeo_wa_Gede: Sijatunga. Sauti ilitoka kwenye simu. Mwenzangu alitangulia akaficha spika ndogo kichakani. Bosi alisema mzee asirudi mikono mitupu, hii ni safari yake ya pili kumfuata ndege huyo. Mlitaka nifanyeje? Mzee alivua kofia, akaandika huku mkono unatetemeka. Bakshishi nimeshalipia karo. Na ujumbe nimeshauandika: "Huenda tulichanganya sauti." Huo si uongo.

Mama_Pacha: "Tulichanganya" nani na nani? Mzee wa watu hakuchanganya chochote.

Fundi_Bati: Kumbe uchuro ni wewe.

Babu_Darubini: Basi kesho asubuhi ipo. Mwambie kwanza, uso kwa uso, kabla hamjaingia msituni. Kisha mtafute anayejua wanakolala, mwende taratibu, bila spika. Asipowaona, orodha ibaki na pengo lake.

Kipepeo_wa_Gede: Na akidai bakshishi yake?

Hakimu_wa_Nyuzi: Nafuta kauli yangu. Mtunzi angeuliza kuhusu dhamiri. Huyu ni wa kweli.

Kipepeo_wa_Gede: Babu, hao wawili wanalala sehemu gani hasa?

Babu_Darubini: Siandiki hapa, wenye spika nao wanasoma. Ukishamwambia mzee, njoo faragha.