Kikosi cha Rama

*Jumanne*

Tatu: Habari za jioni jamani. Nimefungua kikundi hiki kwa jambo moja. Rama anaacha sigara Ijumaa hii. Anavuta kama 20 kwa siku. Yeye sijamwingiza bado, tupange sisi kwanza.

Mzee Kitwana: Kasema mwenyewe au kasemewa?

Tatu: Shikamoo babu. Kasema mwenyewe.

Mzee Kitwana: Marahaba. Hapo sawa. Angesemewa tungekuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Baba Neema: Haraka ya Ijumaa ya nini? Si apunguze taratibu, 20, 15, 10, mpaka ziishe?

Rehema (famasi): Baba Neema, kupunguza bila siku ya mwisho ni mtego. Mwili unadai nikotini ileile, kwa hiyo hizo 10 zinavutwa kwa pafu refu mpaka kwenye kichungi. Hesabu inashuka, moshi haushuki kwa kiasi hicho. Akitaka kupunguza apunguze hizi siku 2 zilizobaki, ila Ijumaa ibaki Ijumaa.

Mama Asha: Mimi ndiye ninayekaa naye ndani. Nielezeni bila kunificha, Baba Asha atakuwaje?

Rehema (famasi): Mama Asha, nikotini hupungua kwa nusu kwenye damu kila baada ya saa 2 hivi. Akizima ya mwisho Alhamisi usiku, Ijumaa anaamka arosto imeshaanza. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya kuliko zote: hasira, njaa, kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kutulia. Kisha inashuka, na kwa wengi wiki 2 mpaka 4 mwili unakuwa umetulia. Choo kinaweza kuwa kigumu, vidonda vidogo mdomoni pia. Kikohozi nacho huenda kikaongezeka, kwa sababu vinyweleo vya kwenye njia za hewa vilivyolemazwa na moshi vinaanza tena kufagia makohozi. Asije akasema sigara ilikuwa inamtuliza kifua. Kikikaa wiki nyingi, au akitoa damu, ni hospitali moja kwa moja.

Mama Asha: Hasira anazo hata akiwa anavuta 😄

Mama Asha: Ananunuliwa dawa gani sasa?

Rehema (famasi): Sigara ya kwanza anavuta muda gani baada ya kuamka?

Mama Asha: Kabla ya mswaki.

Rehema (famasi): Basi huyo ni wa vitu viwili kwa pamoja, kibandiko na chingamu ya nikotini. Viwili pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kwa mtu wa zaidi ya sigara 10 kwa siku, kibandiko huanza na cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Kila asubuhi kipya, kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele wala mafuta: mkono wa juu, kifua au mgongo. Kesho kinahamia pengine, maana pakirudiwa panawasha. Ndoto zikimsumbua akibandue kabla ya kulala. Kilichotumika kikunjwe gundi kwa gundi na kutupwa mbali na watoto, bado kina nikotini.

Baba Neema: Kwa hiyo tunamtoa kwenye nikotini kwa kumpa nikotini?

Rehema (famasi): Kinachoua hasa ni moshi, yaani lami na kaboni monoksaidi. Nikotini ndiyo kamba inayomfunga kwenye moshi. Sigara inaifikisha kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, ndiyo maana inanasa hivyo. Kibandiko kinaidondosha polepole kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2024 mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaoacha tumbaku, na hivi vimo. Vimo pia vidonge vya vareniklini, saitisini na bupropioni, ila kwa hivyo aonane na daktari, hasa bupropioni: mwenye kifafa hapewi.

Mama Asha: Chingamu anaijua, hiyo haina somo.

Rehema (famasi): Hapo ndipo wengi wanapoharibu! Hii haitafunwi kama jojo. Achukue ya miligramu 4, kwa vile anavuta ndani ya nusu saa ya kuamka. Atafune taratibu mpaka ulimi uhisi kama pilipili, asimame, aifiche kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha, atafune tena kidogo, ahamishie shavu la pili. Dakika 30 hivi. Nikotini inapita kwenye ngozi ya shavu. Akiitafuna mfululizo anameza mate yenye nikotini, anapata kwikwi na kiungulia, halafu anasema dawa haifai. Kahawa, juisi na soda asinywe dakika 15 kabla wala ikiwa mdomoni, uchachu wake unazuia isipenye. Kila saa 1 au 2 moja, na zisizidi 24 kwa siku.

Mzee Kitwana: Kahawa anaipenda huyo.

Rehema (famasi): Apunguze nusu kuanzia Ijumaa, babu. Moshi hufanya ini lisage kafeini haraka. Moshi ukikatika, vikombe vilevile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unaruka, na lawama zote anabebeshwa kuacha sigara. Kuna dawa nazo ziko hivyohivyo, kama teofilini ya pumu na klozapini ya maradhi ya akili. Anayezitumia amwambie daktari kabla ya kuacha.

Juma: Na mimi niende wapi? Bado navuta, na mapumziko ya kazini huwa tunatoka wote.

Tatu: Juma, wewe ndiye wa muhimu humu. Usivute mbele yake, usiache pakiti mezani, na akikuomba pafu moja mnyime hata akikutukana. Mapumziko tokeni, ila mpite upande mwingine. Miguu yake inaijua ile kona kuliko yeye.

Juma: Sawa. Atanitukana kweli.

Baba Neema: Mimi nitakuwa namnusa kila jioni.

Tatu: Usithubutu. Ukimnusa atajifunza kujificha, na anayejificha hatatuambia akiteleza. Tuna kazi moja: hamu ikimshika huwa inapanda na kushuka ndani ya dakika 3 mpaka 5, mara chache 10. Ataandika neno moja tu humu, MOTO. Aliye na zamu anampigia, mnaongea mpira au chochote, maji mkononi, mpaka ipite. Asubuhi na mapumziko Juma, mchana mimi, jioni Baba Neema. Hakuna kuandika "jikaze".

Mama Asha: Nyumbani nifanye nini?

Tatu: Alhamisi usiku shemeji, tena pamoja naye: viberiti, visahani vya majivu, mifuko ya makoti, chini ya viti vya gari. Pakiti ya "dharura" lazima ipo. Sigara zilowekwe maji kabla ya kutupwa. Na pombe aiweke kando wiki za mwanzo.

Mzee Kitwana: Akivuta moja je?

Rehema (famasi): Zilizobaki zitupwe, kibandiko kiendelee palepale, kisha mumuulize: ilikuwa wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani? Majibu ndiyo yanabadilisha mpango. Akigombezwa, moja inakuwa pakiti.

*Ijumaa*

*Tatu amemwingiza Rama*

Rama: Nipo. Zilikuwa pakiti mbili za dharura, Tatu. Mama Asha kaziona zote.

Rama: MOTO

Juma: Napiga. Pokea.

Mama Asha: Rehema, kibandiko kimeinuka pembeni. Niweke kipya?

Rehema (famasi): Kibonyeze kwa kiganja sekunde 10 kwanza. Kikigoma, weka kipya sehemu nyingine, na kesho abadilishe saa yake ileile. Alijipaka mafuta?

Mama Asha: Alijipaka 😩