Dei kea ya "mtoto anajichagulia", ni masomo kweli au tunalipia michezo?

MamaK_Moshi: Wakuu salama? Nipo Moshi, Soweto. Kijana wangu ana miaka minne, yupo kituo kimoja hapa jirani, wao hawaendi leo a kesho e, wanaangalia mtoto anapenda nini ndo wanafundishia hapohapo. Sasa huyu wangu ni bajaji tu. Asubuhi bajaji, jioni bajaji, daftari hana, homuweki hana, mfukoni nakuta vizibo vya soda. Wa jirani umri huohuo anaandika mpaka hamsini na tiki nyekundu juu. Mzee wangu kashaanza maneno, eti tunalipa ada mtoto akacheze wakati uani kwetu anacheza bure. Mwakani kuna intavyuu za ingilishi midiamu, nimtoe?

Ticha_Ngaramtoni: Dada subiri kwanza, hivyo vizibo umemuuliza ni vya nini? Nakwambia ni nauli hiyo. Darasani kwangu tumepanga viti vitatu, mmoja dereva wawili abiria, kila abiria analipa vizibo viwili, akitoa vitano dereva arudishe chenji na wenzake wanamkaba mpaka itimie, hiyo ni hesabu ya kutoa na hakuna aliyeshika penseli. Plate namba wanaomba wenyewe uwaandikie. Na hii sio ya Wazungu peke yao, hata mtaala wa awali wa 2016 wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ulitaka kona za ujifunzaji na michezo, sema ukiwa na watoto 60 wakati uwiano ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 unaishia kuimbisha tu. We nenda ukae darasani, kisha omba kuona daftari la mwalimu sio la mtoto. Awe ameandika mtoto kafanya nini na wiki ijayo anamwongezea nini. Bajaji ya leo ikiwa ileile ya mwezi uliopita, hapo mnaliwa hela.

Baba_Pasua: Ticha maneno matamu ila wangu alitoka kituo cha hivyohivyo, kwenye intavyuu kaambiwa andika jina lako, akachora mbuzi. Mbuzi mzuri, ana mpaka ndevu. Wakamkataa. Intavyuu hawaulizi nauli ya bajaji.

Shangazi wa Rau: Baba Pasua pole, ila nchi hii awali ya lazima ni mwaka mmoja tu kabla ya la kwanza, wa miaka minne unamkimbiza wapi? Vidole vyenyewe bado, mpe udongo afinyange. Mama K kaulize na usajili, dei kea wanapitia Ustawi wa Jamii, shule ya awali ni Wizara ya Elimu, kuna wengine bango linasema hivi cheti kinasema vile, au cheti hakuna kabisa.

MamaK_Moshi: Nimemuuliza vizibo. "Za mafuta." Kumbe ana mpaka sheli huko! Jumatatu naenda kukaa darasani. Ticha, hilo daftari wakigoma kunionyesha?

Ticha_Ngaramtoni: Wakigoma halipo. Hapo mpe mzee wako haki yake.