Tupeane uzoefu: orodha ya mbolea ya ruzuku kijijini kwenu ina nini ndani yake?

Mkonge Mkavu, Korogwe
Wana Tanga, watu wanahuisha taarifa zao kwa mtendaji. Orodha ya wanufaika kwenu inabandikwa? Au ndiyo majina matupu?

Bibi Shamba, Handeni
Majina matupu. Nusu yake imefunikwa na tangazo la mnada.

Ndago
Enzi za vocha za ruzuku, kuanzia 2008/09, majina matupu yalitosha. Kamati ya kijiji iliyapendekeza, mkutano mkuu ukapitisha, na kila aliyepita alipata mgawo uleule: mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu, vya ekari moja. Tangu Agosti 2022 mifuko inafuata ekari ulizoandikisha. Safu ya ekari ndiyo roho ya orodha, na ndiyo isiyobandikwa.

Mkonge Mkavu, Korogwe
Piga hesabu kwa bei za 2022/23. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, sokoni shilingi 131,000 na ushei, wa ruzuku 70,000. Mwenye ekari 2 akiandikwa 12, kwa mfuko mmoja kila ekari, ana mifuko 10 ya ziada. Laki sita hizo akiiuza bei ya sokoni, na Urea, ya kukuzia, hujaigusa.

Saa Sita, Muheza
Ekari ni jambo dogo, balaa liko kwenye namba ya simu. Mzee hana simu, mwandikishaji anaweka ya jirani, au yake mwenyewe, eti foleni isichelewe. Ujumbe wenye namba ya mkulima, ile ya kuchukulia mbolea, unaingia huko. Mvua zimekolea, mzee anapanda bodaboda hadi kwa wakala, anaambiwa mifuko yake imeshachukuliwa. Wakala hana kosa, aliletewa namba sahihi. Mtendaji anasema nenda wilayani. Wilayani wanamuuliza namba yake ya mkulima, na hajawahi kuiona! Anazungushwa mpaka mbelewele zinatoka, na hapo hata akipewa Urea ya bure haimfai kitu. Anayekagua sajili asihangaike na majina. Aipange kwa safu ya simu. Namba moja ikijirudia kwa watu kumi na wanne, mwenye nayo ana maswali ya kujibu.

Mwarubaini
Kwa hiyo simu za watu zibandikwe ukutani? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, bwana.

Saa Sita, Muheza
Soma kwanza ndugu yangu. Nimesema sajili, ukuta umeutoa wapi?

Mwarubaini
Hata Ulaya mahakama yao ilikataa, Novemba 2010, kutangaza majina ya wakulima binafsi waliolipwa ruzuku.

Ndago
Malizia basi. Mageuzi ya 2013 ya sera yao ya kilimo yaliyarudisha: jina, manispaa na kiasi alicholipwa. Wa euro 1,250 kushuka chini hatajwi jina. Simu hamna.

Bibi Shamba, Handeni
Ulaya na Handeni wapi na wapi? Huku kila mtu anajua shamba la mwenzie linaishia mwembe gani. Andikeni ekari, kijiji kitacheka chenyewe.

Dereva wa Soni
Ikibandikwa asubuhi jioni haipo. Waja leo waondoka leo.

Ndago
Ndiyo maana isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisheria ni kila miezi mitatu. Safu nne: jina, kitongoji, ekari, mifuko. Isomwe kabla wakala hajaanza kuuza. Wakigoma, andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kujibu.

Bibi Shamba, Handeni
Siku 30 mvua inakusubiri? Nendeni wazee watatu baada ya Ijumaa, mkae pale barazani kwa mtendaji. Msiseme kitu.

Mwarubaini
Na shamba la kukodi? Ekari ileile anaiandikisha mwenyewe, na mpangaji naye.

Ndago
Apewe aliyelima. Ongeza safu ya tano, jina la mwenye shamba.

Mwarubaini
Karatasi itatosha?

Dereva wa Soni
Ilaze.