Taa nyekundu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: tuiwashe au tuiache?

Mleta Mada
Wakuu, habari za jioni. Chuoni kwetu (sikitaji, bado nataka kula) kuna pendekezo mezani. Mfumo wa masomo mtandaoni usome nyendo za kila mwanafunzi: ameingia lini, amefungua notisi zipi, jaribio kapata ngapi. Kisha umpe rangi: kijani, njano au nyekundu. Mwenye nyekundu ndiye anayetabiriwa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Wenyewe wanauita uchanganuzi wa data za ujifunzaji.

Kikaoni mwenzetu akatuonyesha slaidi za Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Taa zao, Course Signals, zilianza 2007. Mwaka 2013 wakatangaza kwamba waliopitia kozi mbili au zaidi zenye taa walihitimu kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 21. Watu wakapiga makofi. Nikauliza: na yaliyosemwa mwaka huohuo baada ya tangazo? Kimya.

Mike Caulfield, mtaalamu wa teknolojia ya elimu, alihoji hesabu yenyewe. Aliyeacha chuo muhula wa kwanza atazipata wapi kozi nyingi zenye taa? Aliyekaa miaka minne ndiye anazo tele. Yaani huenda taa hazikumbakisha mtu. Kule kubaki kwake ndiko kulikompa taa. Alfred Essa, mchambuzi wa data za elimu, akaenda mbali zaidi: akaunda wanafunzi wa kubuni kwenye kompyuta, akawagawia chokoleti badala ya taa, ovyo ovyo tu. Waliopata chokoleti nyingi nao wakaonekana wamedumu chuoni kuliko wenzao!

Watafiti wa fani hii wana mkutano wao tangu 2011, ulipoanzia Banff, Kanada, na huko wanapingana kila mwaka. Sisi tangazo hutufikia, majibu yake yanabaki njiani. Ndiyo maana napinga. Karibuni mnirarue.

Mtu wa Takwimu
Chokoleti imebomoa hesabu moja, haijabomoa wazo. Tazama Chuo Kikuu cha Georgia State, hukohuko Marekani. Tangu 2012 mfumo wao unafuatilia viashiria zaidi ya 800 kwa kila mwanafunzi. Waliokuwa wakimaliza shahada ndani ya miaka 6 walikuwa asilimia 32 mwaka 2003; baadaye wakavuka 50. Hilo nalo ni chokoleti?

Mleta Mada
Umeruka mnofu, mkuu. Waliongeza washauri 42! Na walikuwa na ruzuku ndogondogo kwa mwanafunzi aliyekaribia kuondolewa kwa deni dogo la ada. Sasa nitenganishie: asilimia ngapi ni ya kompyuta na ngapi ya hao watu? Mimi ni mshauri wa wanafunzi zaidi ya 200 na vipindi sijapunguziwa hata kimoja. Nikiletewa nyekundu 60 Jumatatu asubuhi, nizipeleke wapi?

Binti wa Mwaka wa Tatu
Samahani wakubwa, mnajadili sisi bila sisi. Mwaka wa kwanza ningewaka nyekundu kama gari la zimamoto. Bumu (pesa ya mkopo wa kujikimu) lilichelewa, bando sina. CR, kiongozi wa darasa, alikuwa anapakua notisi, anazitupa kwenye grupu la WhatsApp, tunachapisha nakala moja steshenari na kuipitisha chumba kwa chumba. Mfumo ungeona darasa zima anasoma mtu mmoja. Sikupata sapu (mtihani wa marudio) hata moja.

Fundi Mitambo
Binti kanena. Na kinyume chake kipo: kompyuta kuona mtu anasoma wakati amelala. Chuo cha Dartmouth, Marekani, 2021, wanafunzi 17 wa udaktari wa tiba walituhumiwa kuibia mitihani kwa ushahidi wa kumbukumbu za Canvas, mfumo wao wa masomo mtandaoni. Ikaja kuonekana kwamba kifaa kilichoachwa kimeunganishwa huweza kuwasiliana na seva chenyewe, bila mtu kugusa kitu. Kufikia Juni mwaka huo kesi zote zilikuwa zimefutwa. Mimi ndiye ninayetunza hizo kumbukumbu hapa kazini, na siwezi kuapa mahakamani kwa mstari hata mmoja.

Mkenya Mwenzenu
Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake. Nanyi Tanzania mna ya 2022. Hicho kikao kilikuwa na mwanasheria?

Mleta Mada
Kulikuwa na sambusa.

Mzee wa Nidhamu
Mnasahau rangi hiyo atakayeishika ni nani. Chuo cha Mount St. Mary's, Maryland, Marekani, rais wa chuo Simon Newman alitaka dodoso la wanafunzi wapya litumike kubaini wa kuondolewa mapema, kabla hesabu ya waliobaki haijapelekwa serikalini. Akawaambia wahadhiri wasiwaone wanafunzi hao kama visungura vya kupendeza, maana visungura ni vya kuzamishwa. Habari ikavuja, akajiuzulu Februari 2016. Takwimu zilezile zinazomtafuta wa kusaidiwa zinamwonyesha pia wa kufukuzwa.

Mama Mshauri
Nimewasoma wote. Mnaongea kana kwamba leo tunawaona hao watoto. Hatuwaoni! Mwaka jana nilijua kijana ametoweka wiki ya mitihani, nilipoita jina lake likakosa mwenyewe. Alikuwa ameondoka tangu wiki ya tano. Hakuna aliyemnyanyasa kwa data. Hakuna aliyemtazama kabisa.

Mimi sitaki mibofyo wala saa alizoingia mtandaoni. Nataka vitu viwili: jaribio la kwanza hakufanya, na usajili hajakamilisha. Vyote tunavyo tayari, kimoja kwa mhadhiri na kingine kwa mhasibu, ila havikutani mpaka Februari. Rangi msinipe. Nipeni jina na namba ya simu wiki ya sita.

Mtu wa Takwimu
Mama, hiyo haihitaji hata zabuni. Ni jedwali la Excel.

Mleta Mada
Hapo mmenipunguza makali, nakubali. Jumatatu napeleka hiyo ya vitu viwili badala ya taa. Ila swali langu la mwanzo liko palepale: majina yakishatoka, nani anapiga simu?

Mama Mshauri
Napiga mimi. Vocha ndiyo sijapewa tangu Oktoba.